Yaliyopita yakiwa ndwele: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu makovu ya utotoni

"Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Karibu kila mtu aliyeumizwa utotoni ameshaambiwa maneno haya, mara nyingi na mtu anayempenda. Ni methali nzuri kwa ugomvi wa juzi. Lakini kwa aliyepigwa, aliyetukanwa kila siku, aliyechezewa mwili au aliyesahauliwa akiwa mdogo, yaliyopita ni ndwele kabisa. Yanamwamsha usiku, yanampandisha shinikizo la damu, yanamweka mbali na watu anaotamani kuwa nao karibu. Na ndwele isiyotajwa haigangwi.

Nimefanya kazi ya unasihi kwa miaka mingi. Maswali yaliyo hapa ndiyo ninayoulizwa zaidi, kwa maneno ya wanaouliza. Huna haja ya kuyasoma yote kwa mkupuo. Ukihisi kifua kinabana, acha, nyoosha miguu, urudi siku nyingine.

Sikupigwa hata siku moja. Nilivikwa, nilisomeshwa. Mbona basi najihisi nina kasoro?

Naanza na swali hili kwa sababu wanaoliuliza huliuliza kwa aibu, kama wanaoomba ruhusa ya kuumia.

Mtoto huumizwa kwa njia mbili: kwa anayotendewa na kwa anayonyimwa. Tunaihesabu ya kwanza kwa sababu ina alama na kelele. Ya pili haina hata shahidi, maana hakuna tukio la kusimulia. Utasema nini? Kwamba siku fulani hakuna kilichotokea? Ulianguka, hakuna aliyeuliza. Uliogopa, ukaambiwa uache kusumbua. Ulifaulu, hakuna aliyegeuka kukutazama. Ukiwa na miaka saba ulikuwa ndiye mlezi wa wadogo zako, na hakuna aliyekumbuka kwamba nawe ulikuwa mtoto. Marekani, ambako takwimu za watoto waliothibitishwa kutendewa vibaya hutolewa kila mwaka, takriban robo tatu yao huwa ni walionyimwa matunzo. Waliopigwa ni wachache kuliko hao.

Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia Edward Tronick alifanya jaribio dogo ambalo mpaka leo huwa napata taabu kulitazama. Mama anacheza na mtoto wake mchanga wa miezi michache, wanachekeana. Kisha mama anageuza uso, na anaporudi uso wake ni mkavu: anamtazama mtoto lakini hacheki, hasemi, haitikii. Mtoto anamtabasamia. Hakuna. Anatoa sauti, anamnyooshea mikono. Hakuna. Anarudia yote aliyoyajua kuwa humrudisha mama, upesi upesi. Halafu anaangalia pembeni, mwili unalegea, au kilio kinapasuka. Yote hayo ni dakika mbili hivi, na mwisho mama anarudi kuwa mama.

Kwa baadhi ya ninaowanasihi, mzazi hakurudi. Alikuwamo nyumbani, lakini amezama katika pombe, au katika sonona isiyotibiwa, au katika ndoa iliyommaliza. Mmoja wao, mtu mzima mwenye familia, aliugua homa kali siku tatu chumbani bila kumwambia yeyote. Nilipomuuliza kwa nini hakumwambia mkewe aliyekuwa chumba cha pili, alifikiri kwa muda mrefu, akajibu: "Sikujua kwamba mtu huwa anasema." Huyo hana kasoro. Alijifunza mapema kwamba kuita hakuleti mtu, akaacha kuita.

Nani hakuchapwa? Mbona sote tumekuwa watu?

Ni kweli kwamba viboko ni jambo la kawaida duniani. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba watoto 6 kati ya 10 walio chini ya miaka mitano, yaani milioni 400 hivi, huadhibiwa mara kwa mara kwa kupigwa au kwa maneno ya kuumiza na wazazi au walezi wao. Lakini uwingi wa jambo haupunguzi maumivu yake.

Mwaka 2016 ulichapishwa uchambuzi uliounganisha tafiti za miaka hamsini zilizohusu zaidi ya watoto 160,000. Ulihusu kuchapwa kwa mkono, kule tunakokuita "adabu tu". Waliochapwa zaidi walionekana kuwa na ugomvi zaidi, huzuni zaidi na uhusiano mbovu zaidi na wazazi. Faida ya kudumu katika tabia haikuonekana. Sweden ilipiga marufuku adhabu ya viboko kwa watoto, hata nyumbani, mwaka 1979, ikiwa nchi ya kwanza kufanya hivyo, na nchi nyingine nyingi zimefuata.

Tunapenda kusema "mchelea mwana kulia hulia yeye". Naielewa, na naelewa kwamba wazazi wetu wengi walichapa wakiamini wanajenga. Lakini ukimsikiliza vizuri anayesema "nilichapwa nikawa mtu", utasikia ndani ya maisha yake bibi aliyemkumbatia, mwalimu aliyemwita kwa jina, kaka aliyemficha nyuma yake. Sifa yote imepewa fimbo, hao wengine hawatajwi.

Na si lazima uchague kati ya kuwapenda wazazi wako na kukiri kwamba walikuumiza. Yote mawili hukaa ndani ya mtu mmoja bila kugombana.

Mambo ya miaka thelathini iliyopita yanaathirije mwili wangu leo?

Katika miaka ya 1980 daktari Vincent Felitti alikuwa na kliniki ya watu wenye uzito mkubwa huko San Diego, Marekani. Kilichomshangaza ni kwamba waliokuwa wakiacha matibabu wengi wao walikuwa wanafanikiwa, uzito unashuka vizuri. Alipoanza kuwahoji, aligundua kwamba wengi walichezewa wakiwa watoto, na kwamba kwa baadhi yao mwili mkubwa ulikuwa ngao. Kupungua kuliwarudishia hofu.

Akashirikiana na mtafiti Robert Anda. Kati ya 1995 na 1997 waliwauliza watu zaidi ya 17,000 kuhusu mambo waliyoyapitia kabla ya kutimiza miaka 18: kupigwa, kutukanwa, kuchezewa, kunyimwa matunzo, mama kupigwa, mlevi ndani ya nyumba, mgonjwa wa akili ndani ya nyumba, wazazi kutengana, mtu wa nyumbani kufungwa. Hawa hawakuwa watu wa mitaa ya shida. Wengi walikuwa wa tabaka la kati, wana elimu, wana bima ya afya. Matokeo ya kwanza yalitoka 1998. Mtu aliyepitia aina nne au zaidi alikuwa na uwezekano mara 4 hadi 12 zaidi wa kuwa mlevi, kutumia dawa za kulevya, kupata sonona au kujaribu kujiua, akilinganishwa na asiyepitia hata moja. Magonjwa ya moyo, mapafu, ini na saratani nayo yalipanda kadiri aina zilivyoongezeka.

Inakuwaje? Sehemu moja ni wazi: mwenye maumivu hutafuta kitu cha kuyatuliza, na sigara na pombe viko karibu. Sehemu nyingine iko ndani zaidi. Mwili una mfumo wa dharura. Hatari ikitokea, moyo hukimbia, sukari huingia kwenye damu, homoni ya kotisoli hupanda, kinga ya mwili hujipanga upya. Hatari ikiisha, kila kitu hurudi mahali pake. Mtoto anayeishi na hatari ndani ya nyumba yake hapati huo mwisho, na mtu ambaye angemtuliza ndiye anayemwogopesha. Mfumo hubaki umewaka, au huchoka hadi ukawa hauwaki hata panapohitajika. Ubongo unaojengwa ndani ya hali hiyo hujengwa kwa kazi ya ulinzi: amigdala, sehemu inayopiga kengele ya hatari, huwa nyepesi kushtuka, na sehemu za mbele zinazotuliza na kupima mambo hupata taabu kuidhibiti.

Nilijibu yale maswali kumi ya mtandaoni, nimepata 6. Nimekwisha?

Hapana. Maswali hayo yanatokana na utafiti wa Felitti na Anda, na alama zake zilitengenezwa kupima makundi ya watu, hazikukusudiwa kumtabiria mtu mmoja. Hazijui jambo lilitokea mara moja au kila usiku kwa miaka minane, wala kama palikuwa na shangazi mlango wa pili aliyekulaza kwake mambo yalipochafuka. Zitumie kama njia ya kumweleza daktari wako historia yako, basi.

Kwa nini nashtuka ovyo, na kwa nini najua hali ya mtu kabla hajasema neno?

Mwanamke mmoja aliniambia kwamba akiwa mdogo aliweza kujua usiku utakuwaje kwa kusikiliza ufunguo. Ukiingia kwenye kitasa mara moja na kuzunguka, watalala. Ukigongagonga chuma mara mbili tatu kabla ya kupata tundu, aliwanyanyua wadogo zake na kuwapeleka chini ya kitanda. Sasa ana nyumba yake na mume mpole asiyekunywa. Mume akichelewa kupata tundu la ufunguo kwa sababu mikono imejaa mizigo, yeye tayari amesimama, viganja vina jasho, hajui kwa nini anamchukia.

Hiyo si ndoa mbaya wala si wazimu. Ni ujuzi uliookoa watoto watatu, na haujaambiwa kwamba kazi imekwisha. Hautaondoka kwa amri. Hupungua taratibu kwa kuutambua ("huu ni ufunguo wa leo"), kwa kupumua polepole huku pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia, kwa kugusa kitu kilicho mbele yako na kukitaja. Na kwa kumwambia mume. Yule mume sasa hugonga mlango na kuita jina lake kabla ya kutoa ufunguo.

Kwa nini sikumbuki utoto wangu? Je, kuna jambo limefichika?

Labda, na labda hapana. Hakuna mtu anayekumbuka vizuri mambo ya kabla ya miaka mitatu hivi, hata aliyelelewa kwa upendo. Waliopitia mateso wengi huyakumbuka kupita kiasi. Wengine hubaki na vipande: harufu, rangi ya ukuta, uzito kifuani, bila hadithi ya kuviunganisha.

Hapa natoa onyo. Mtu yeyote, awe mshauri, mganga au kiongozi wa dini, akikuambia "wewe lazima ulichezewa, tutafute", ondoka. Katika miaka ya 1990 mtafiti Elizabeth Loftus alionyesha kwamba baadhi ya watu wakisimuliwa tukio la utotoni ambalo halikutokea, kwa mfano kupotea dukani, huanza kulikumbuka, hata kuliongezea mambo. Kumbukumbu haichimbwi kama kisima. Tiba nzuri hushughulika na kinachokusumbua sasa, na mtu anaweza kupona bila kujaza kila pengo.

Kwa nini sikupiga kelele? Kwa nini sikusema?

Kwa sababu ulikuwa mtoto. Mwili ukiona hauwezi kupigana wala kukimbia, huganda: sauti hukatika, viungo hufa ganzi, akili huenda juu ya dari. Kuganda huko hakuamuliwi na mtu, kama vile kupepesa jicho hakuamuliwi. Njia nyingine ni kunyenyekea, kumfurahisha anayekutisha ili apoe. Watu wazima huitazama njia hii ya mwisho na kujihukumu kwamba walikubali. Mtoto hana uwezo wa kukubali jambo hilo. Hata kama mwili uliitikia, hata kama ulipewa zawadi, hata kama ulirudi kwake, aliyekosa ni mmoja.

Na kusema, ungemwambia nani? Mara nyingi mtendaji ni mtu wa nyumbani au anayeheshimika, na mtoto ameshapima kwamba hataaminiwa. Wapo waliosema wakapigwa kwa kusema. WHO inaeleza kwamba mwanamke 1 kati ya 5 alichezewa au kuingiliwa kabla ya kutimiza miaka 18. Wanaume nao ni wengi, na kwao kimya ni kizito zaidi kwa sababu wamefundishwa kwamba mwanamume hatendewi hayo. Kama wewe ni mwanamume unasoma hapa, uliyoyapitia yana jina lilelile, na tiba ni ileile.

Kwa nini najikuta tena na tena na watu wanaonitesa?

Mtoto hujifunza mapenzi kama anavyojifunza lugha ya nyumbani, bila kufundishwa. Ikiwa anayekulisha ndiye anayekuumiza, upendo na hofu huwa na ladha moja. Ukubwani mtu mtulivu anaweza kukuonekania baridi, hana mvuto. Anayekupandisha na kukushusha ndiye anayefanana na nyumbani. Wengine huenda upande wa pili: hawamsogezi mtu kabisa, au huondoka wao kabla hawajaachwa.

Watafiti John Bowlby na Mary Ainsworth walitumia maisha yao kueleza jinsi fungamano la kwanza, la mtoto na mlezi wake, linavyokuwa ramani ya mahusiano ya baadaye. Ainsworth alianzia kazi hiyo Uganda katikati ya miaka ya 1950, akiwatembelea kina mama na watoto wao majumbani. Ramani hiyo inaweza kuchorwa upya. Nimeona ikichorwa upya na rafiki, na mwenzi wa ndoa, na mshauri asiyekata tamaa. Huchukua miaka, na nusu ya kazi ni kuvumilia ugeni wa kutendewa vizuri.

Nitamfanyia mwanangu nilivyofanyiwa?

Hili huulizwa na wajawazito, na akina baba wanaoogopa kumbeba mtoto wao mchanga. Hofu yako yenyewe inaonyesha kwamba unaangalia unakokwenda.

Mtafiti Cathy Spatz Widom wa Marekani aliwafuatilia watoto 908 ambao mahakama zilithibitisha kati ya 1967 na 1971 kwamba waliteswa au kutelekezwa. Taarifa ya mwaka 1989 ilionyesha kwamba asilimia 26 kati yao walikamatwa kwa kosa fulani wakiwa vijana, dhidi ya asilimia 17 ya wenzao wasiopitia hayo. Hatari imepanda, ndiyo. Lakini karibu robo tatu hawakukamatwa. Mwaka 2015 yeye na wenzake walichapisha walichokiona kwa waliokuwa wazazi: habari ya kwamba aliyepigwa lazima atapiga haikuthibitika walipotazama rekodi. Kutojali watoto ndiko kulikoonekana kurithiwa zaidi, na walibaini pia kwamba familia zenye historia hiyo hutazamwa zaidi na maofisa, hivyo hunaswa zaidi.

Kwa hiyo usijichunge mkono tu. Chunga pia kule kujizima, siku ambazo mtoto anakuita na wewe umekaa mbele yake lakini haupo.

Jana nilimpiga mwanangu nikasikia sauti ya baba yangu ikitoka kinywani mwangu.

Nenda kwake leo. Chuchumaa umtazame machoni, umwambie: "Jana nilikupiga. Nilikosea. Halikuwa kosa lako. Nilikasirika mimi, na ni kazi yangu kutuliza hasira yangu." Usiongeze "lakini na wewe". Usimtake akubembeleze wala aseme yameisha. Wengi waliokuja kwangu hawajawahi kusikia sentensi hizo kutoka kwa mzazi hata mmoja, na wanalia wakizisema wao kwa watoto wao.

Kisha tafuta chanzo. Ulikuwa umelala? Umekula? Alilia kwa sauti ipi? Mara nyingi kilio cha mtoto humwamsha mtoto aliye ndani yako ambaye kilio chake kiliadhibiwa. Weka mpango kabla ya siku nyingine kama hiyo: mkabidhi mtu, au mweke mtoto mahali salama, utoke nje ya mlango dakika tano. Ikijirudia, omba msaada bila kungoja.

Ubongo ulioharibiwa utotoni unapona?

Utawala wa dikteta Nicolae Ceaușescu ulipoanguka Romania mwaka 1989, dunia iliona watoto zaidi ya laki moja waliokuwa wakikaa kwenye vituo vya serikali, wamelishwa na kusafishwa kwa zamu, hawana mtu wao. Kuanzia mwaka 2000 watafiti Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah waliwafuatilia watoto 136 wa vituo vya Bucharest. Nusu yao, kwa kura, walipelekwa kwa familia za kulea. Waliopata familia walikua vizuri zaidi kuliko waliobaki, katika akili, katika lugha, katika kushikamana na mtu, na waliotolewa kabla ya kutimiza miaka miwili ndio waliofaidika zaidi. Mambo mengine hayakurudi yote.

Nayasema yote mawili kwa sababu umeshadanganywa vya kutosha. Mapema ni bora, na kuna hasara za kuombolezwa. Lakini kuchelewa si kufungiwa mlango. Katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, Emmy Werner na wenzake waliwafuata watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 hadi walipofika miaka arobaini. Kati ya wale waliokulia katika shida nyingi, thuluthi moja hivi walikua watu imara, na karibu wote walikuwa na angalau mtu mmoja mzima, mara nyingi si mzazi, aliyesimama nao. Na wengi wa waliopotea njia ujanani walijirekebisha baadaye: kwa kurudi shule, kwa ndoa njema, kwa imani, kwa kupata nafasi ya kazi.

Tiba ni ipi?

Orodha ya kimataifa ya magonjwa ya WHO, toleo la 11 lililoanza kutumika Januari 2022, inatambua kiwewe changamani, yaani jeraha la akili linaloachwa na mateso ya muda mrefu: mbali na jinamizi na mishtuko, mtu hushindwa kutawala hisia zake, hujiona hana thamani, na hupata taabu kuwa karibu na watu. Wengi hulia wakisikia kwamba jambo hilo lina jina.

Tiba za mazungumzo zinazolenga kiwewe ndizo zenye ushahidi zaidi, pamoja na ile ya EMDR iliyoanzishwa na Francine Shapiro, ambapo mtu hulikumbuka tukio huku macho yakifuata mwendo wa kidole. Dawa za sonona husaidia baadhi ya watu. Utaratibu mzuri huanza na usalama na usingizi kwanza, ndipo matukio yaguswe. Mshauri anayekutaka usimulie yote siku ya kwanza anakwenda mbio mno, una haki ya kumwambia apunguze. Pasipo na mtaalamu karibu, kikundi cha manusura wenzako, rafiki msikivu, daftari na mazoezi ya mwili si vitu vidogo.

Ukiwa na mawazo ya kujiua, usisubiri miadi. Mwambie mtu leo hii kwa maneno hayohayo, usikae peke yako, nenda hospitali iliyo karibu.

Lazima nimsamehe? Wanasema damu nzito kuliko maji.

Msamaha wa kulazimishwa ni kimya kingine juu ya kile cha zamani. Wapo waliosamehe na wakapata wepesi mkubwa, nami nafurahi nao. Wapo ambao hawajasamehe na wanalala usingizi mzuri. Msamaha, ukija, huja baada ya hasira kupewa nafasi yake. Na kusamehe hakukulazimishi kumtembelea, kumkabidhi wanao, wala kumruhusu aendelee. Kuhusu kumkabili: fanya hivyo ikiwa tu unaweza kuvumilia jibu la "uongo huo". Wengi hukana.

Mwenzi wangu alipitia haya. Nimsaidieje?

Uliza kabla ya kumgusa usingizini. Usimnyamazie kwa siku nzima ukikasirika, kwa sababu kimya kwake kina maana usiyoijua. Sema: "Nimekasirika, nitarudi tuzungumze jioni." Usimchunguze. Na tunza afya yako, maana huwezi kuwa dawa yake peke yako.

Mtoto ameniambia jambo sasa hivi. Nifanye nini?

Tuliza uso wako. Anausoma. Mwambie: "Nakuamini. Umefanya vizuri kuniambia. Si kosa lako." Msikilize bila kumhoji. Maswali mengi ya kumwongoza humchanganya na baadaye huharibu ushahidi. Usimwahidi kwamba itabaki siri. Mwambie kwamba utawaambia watu wa kumlinda, na uwataje. Andika maneno yake kama alivyoyasema, na saa.

Usimwendee mtuhumiwa kwanza. Mtoto ndiye atakayelipa. Toa taarifa ustawi wa jamii au polisi. Kama ameingiliwa karibuni, mfikishe hospitali upesi, usimwogeshe wala kufua nguo zake, maana ni ushahidi. Fanya upesi kwa sababu dawa za kuzuia VVU hufanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72, na kila saa ina uzito. Usikubali kikao cha kifamilia kichukue nafasi ya hayo.

Kabla hujaondoka, mwambie utarudi kumwona siku gani. Siku hiyo urudi.